Iko na Flopi

Wewe unayepanga kubadilisha kompyuta ya nyumbani, sikiza kwanza yaliyowapata majirani wawili wa Kimbo, halafu uende dukani ukiwa macho.

Wilkister, mama yake Austine, alichapia wanafunzi wa chuo kazi zao pale nyumbani. Walimletea kutoka Kahawa Wendani karatasi zilizojaa mikato na mishale, wakaondoka na kazi safi. Lakini kompyuta yake ilikuwa imezeeka. Ukiiwasha, unaweza kuosha vyombo na kuvipanguza kabla haijaamka. Kioo kilitetemeka mpaka akawa anakipiga kofi ubavuni, na siku hizi hata kofi halikisaidii.

"Mama Firdaus, twende Thika unisaidie kuchagua," alimwambia jirani yake Mwanamisi. "Kuna duka wanachukua ya zamani, unaongeza kitu kidogo, unapewa mpya. Wewe huzubaishwi na maneno."

Mwanamisi aliishia darasa la saba, na kompyuta hakuwahi kuigusa. Lakini binti yake Firdaus alikuwa anamaliza chuo, na kazi yake ya mwaka mzima ilikuwa kwa Wilkister ndani ya flopi, ile kubwa, nyeusi, laini, ukiipepea inapinda. Yake na za wenzake zilijaza katoni ya viatu. Tangu Mwanamisi asikie hilo neno kubadilisha, moyo wake haukutulia.

"Nipe ya Firdaus niende nayo," alisema asubuhi ya safari.

"Ya nini? Nimeshauliza kwa simu. Nikasema, iko na flopi? Akasema iko, tena mpya."

"Nipe tu. Ukimnunulia mtoto viatu, si unaenda naye?"

Mwenye duka, Kagwe, aliongea kama maji ya mto Chania wakati wa mvua. "Maitu, mama yangu, hii ndiyo ya kisasa! Mwaka wa erufu mbili ukifika, zile zingine zitaria, hii itabaki inacheka. Tena iko na lamu kubwa."

"Lamu?" Mwanamisi aliuliza. "Lamu niko na shangazi, na hajawahi kuniambia kuna kompyuta huko."

"Si Lamu ya bahari, mama. Lamu ya ndani, ile ya kukumbuka."

Wilkister akacheka, Kagwe akacheka, na katika kucheka huko Kagwe alikuwa ameshabeba ile kompyuta ya zamani, anaelekea nayo stoo.

"Ngoja," Mwanamisi alisema. "Kwanza nione hiyo mpya ikila hii." Akatoa flopi ya Firdaus katikati ya vipande viwili vya katoni.

"Ngai! Hizi bado mnatumia? Hiyo haiingii. Flopi ya siku hizi ni hii." Kwa mkono mmoja akaonyesha kitu kidogo, kigumu, kinachoenea kiganjani.

"Lakini ulisema iko na flopi," Wilkister alisema.

"Na si iko?"

Hakudanganya, na hatari iko hapo. Neno moja, vitu viwili, kila mtu akaona chake.

"Na hizi kubwa zitasomwa na nini?"

"Hizo ni za kutupa, mama. Mtachapa upya."

Wachape kutoka wapi? Karatasi za mkono Firdaus alishawashia jiko. Mwanamisi aliivuta kompyuta kuukuu kutoka mikononi mwa Kagwe, akaiweka sakafuni, akaikalia.

"Mama Firdaus!" Wilkister alinong'ona. "Watu wanatuangalia. Watasema tumetoka ushago, huko mashambani."

"Waseme. Ni wao watamfanyia Firdaus mtihani?"

"Mama, utavunja mari ya duka," Kagwe alisema.

"Mali ya duka gani? Hii bado ni yetu. Si hii iko na mdomo mkubwa? Utoe, uupachike kwa hiyo mpya."

"Itakaa vibaya! Hii ni nyeupe, hiyo imekuwa langi ya chai."

"Kwani tunaipeleka harusi?"

Wateja wakaangua kicheko. Kagwe akanuna. "Hiyo si kazi ya duka hili."

"Basi. Mama Austine, shika upande ule, tubebe chetu turudi Kimbo."

Wilkister aliiangalia ile mpya, jinsi ilivyong'aa. Aliwaangalia wateja. Kisha akainama, akashika upande wake, akainua. Walikuwa wamefika mlangoni Kagwe alipoitisha bisibisi.

Mdomo wa zamani ulipopachikwa, kompyuta mpya ilikuwa kama mtu mwenye jino moja la kahawia. Ilimeza flopi, ikakoroma, ikakwaruza. Mwanamisi akajishika kifua. Halafu maandishi yakajitokeza, na juu kabisa jina la Firdaus. Alilisoma kwa sauti, duka zima likasikia.

"Haya, sasa mmelidhika?" Kagwe alinyoosha mkono kuichukua ile ya zamani.

Mwanamisi alitaka kujibu, lakini Wilkister alimtangulia. Alivuta kiti, akaketi mbele ya kioo, akakunja mikono.

"Bado. Zima, uwashe tena. Na hiyo ya zamani iache hapo chini nikiiona."