Jogoo wa Bati Mlangoni kwa Shangazi

Jana usiku, nikiwa bado nimemnunia shangazi yangu Mwanahija, niliota nimekuwa mwenyekiti wa kampuni ya bima ya moto huko London, enzi za Malkia Viktoria.

Shangazi anakaa nyumba ya pili kutoka kwangu, hapa Korogwe. Mimi nauza bima, yeye hataki hata kuisikia. "Nilipie moto ambao haujaja? Hebu niondokee hapa," aliniambia jioni.

Basi, ile kampuni ya ndotoni ilikuwa changa kwelikweli. Ilikuwa imelala mezani ndani ya kapu, inanyonya kidole, na wakurugenzi wenye kofia ndefu walipokezana kuibembeleza. Mkubwa wao, Bwana Thistlewood, alinieleza sheria yetu. Nyumba yenye kibati cha jogoo juu ya mlango ni yetu, moto hauigusi. Isiyo na kibati haituhusu.

"Vibati tunavyo vingapi?" nauliza.

"Kimoja. Kiko mlangoni mwa ofisi."

Mara moto unabisha hodi. Unaingia na koti lake, unajipangusa miguu.

"Samahani, mwenyekiti. Natafuta nyumba zisizo na kibati. Nitaanzia ile yenye pazia la kanga."

Nachungulia dirishani. Ng'ambo ya barabara, katikati ya London, ni kwa shangazi. Yuko ndani anakaanga maandazi, hajui hili wala lile. Moyo ukanipiga paa! Kununa kote kukaniishia palepale.

"Hana kibati," akasema Thistlewood. "Kiongozi hatungi sheria kwa ajili ya shangazi yake."

"Situngi sheria. Nahamisha kibati."

Nikaibeba kampuni mgongoni kwa kitambaa cha meza, nikamvua Thistlewood kiatu, nikatoka. Jogoo alikubali kung'olewa bila ubishi.

"Nitakaa kwa shangazi yako mpaka alfajiri," akasema. "Baada ya hapo nina kazi ya kuwika."

Nikampigilia kwa kisigino cha kiatu, msumari kila pembe. Moto ukaja, ukamtazama jogoo, ukainamisha kichwa kwa heshima.

"Hii ni yenu. Na ile je?" ukauliza, ukionyesha ofisi yetu.

"Ile haina kibati," nikakiri.

Ofisi ikateketea mpaka msingi. Wakurugenzi walitoka kwa mstari na viti vyao, wakaendelea na kikao barabarani. Kampuni ilicheua mgongoni kwangu, ikalala. Mimi nilikaa kizingitini kwa shangazi nikalia kwa furaha.

Niliamka mashavu yamelowa, nikakimbia pekupeku hadi kwake. Nyumba ilikuwa palepale, na maandazi yalinukia mpaka nje. Nikashusha pumzi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo, umefukuzwa? Hebu shika ufagio, mwanangu. Tazama mchwa walivyonimwagia unga wa mbao hapa mlangoni, na jana nilipafagia mwenyewe!"

Niliinua macho. Juu ya mlango kulikuwa na matundu manne mapya ya misumari.

"Mchwa hao, shangazi," nikasema, nikaanza kufagia.