Mgeni wa Mama Msimamizi

"Onja," mlinzi aliniambia, akanisogezea kijiko.

Nilikuwa nimesimama kwenye lango la nyumba ya marekebisho ya wasichana, njia ya Tongoni, hotipoti ya wali wa nazi nimeikumbatia kifuani. Ilikuwa Jumamosi ya wageni. Mbele yangu walishapita mama mmoja na kikapu cha machungwa na mzee mmoja aliyebeba mkate wa ufuta ndani ya gazeti, na kila aliyeleta chakula kilichopikwa alikionja mwenyewe kwanza, mbele ya macho ya watu. Nami nikaonja. Wali ulikuwa umepoa, na chumvi nilikuwa nimeikosea.

Mlinzi, mzee Edgar, alikuwa mpya pale na hakunijua. Aliniuliza nimekuja kumwona nani. Nikamwambia nimekuja kwa Mwatumu. Akatafakari, akasema humo ndani hamna msichana wa jina hilo.

"Si msichana," nikamjibu. "Ni msimamizi wa bweni. Ni mama yangu."

Mama aliingia kazi ile nikiwa darasa la tatu, baba alipokwisha kuhamia Korogwe kwa mke mwingine na kutuacha wawili katika vyumba vyetu vya Usagara. Hapo mwanzo hakusema mengi. Alirudi, akavua viatu, akaweka miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, akafumba macho. Kisha, taratibu, wasichana wake wakaanza kuingia nyumbani kwetu bila ya kukanyaga kizingiti. Waliingia kwa hadithi. Huyu amejifunza kusoma. Yule amemng'ata mwenzake. Yule mwingine haogi mpaka aimbiwe. Mama aliwaimbia! Mimi sikukumbuka mara ya mwisho aliponiimbia mimi.

Halafu akaja Imakulata, na wale wengine wote wakafifia.

Alikuwa na miaka kumi na sita, mtoto wa vibarua wa mkonge huko upande wa Maramba, aliyeletwa mjini kufanya kazi za ndani. Alimmwagia tajiri wake uji wa moto. Mama hakunieleza kwa nini, na nilipokua sikuhitaji kuelezwa. Nilichoelezwa kila jioni ni mengine: kwamba Imakulata ana mkono mwepesi wa kudarizi, kwamba hapendi kunde, kwamba akicheka huziba mdomo kama mtu aliyeiba kicheko. Nilimjua msichana yule kama ninavyoijua njia ya kwenda chooni gizani. Nikamchukia vilevile, bila ya kuhitaji taa.

Wivu wa wake wenza nilikuwa nimeusikia tangu utotoni. Mtaani kwetu haukuwa siri ya mtu. Lakini hakuna aliyepata kuniambia kwamba hata mtoto anaweza kuwa na mke mwenza. Mimi wangu nilimpata nikiwa na miaka kumi na minne. Yeye alikula wali. Mimi nikakwangua ukoko. Sauti ya mama ya upole, subira yake, vichekesho vyake, vyote viliishia kule njia ya Tongoni, na kilichorudi Usagara kilikuwa kimeungua na kushikamana na sufuria.

Nilivunja ungo siku chache kabla ya Ramadhani, mama akiwa zamuni. Jirani yetu, Bi Asmahani, ndiye aliyeniona nimejikunyata uani, akaniingiza kwake, akaniogesha, akanifunda namna ya kujihifadhi na namna ya kuyanyamazia maumivu. Akaniusia nimwambie mama akirudi. Sikumwambia. Nilitaka aone mwenyewe. Huyu ni mwanamke ambaye, kwa kusikia mwendo wa ndala tu katika ujia wa bweni, alijua nani ametoka kulia. Basi nikapita mbele yake na sahani, na ndoo, na daftari za shule. Ramadhani ikaja, ikaisha. Idi ikapita. Hakuona.

Ndipo jioni moja, akiosha miguu, akanisimulia jinsi Imakulata alivyoshikwa na tumbo la mwezi na kujipinda sakafuni. Jinsi alivyoshinda naye mchana kutwa, amemwekea chupa ya maji ya moto kitovuni, akimsugua mgongo na kumpa moyo mpaka alipolala.

"Maskini," mama akasema. "Hakuwahi kupata mtu wa kumweleza."

Nikainuka, nikaenda kumwaga maji yake ya chumvi kabla hajamaliza.

Jumamosi iliyofuata nikapika.

Mama alitoka ndani akikaribia kukimbia, kanga ikimponyoka begani. Aliniuliza nani amefariki. Nikamwambia hakuna, nimekuja kumtembelea. Chini ya banda la bati, familia zilikuwa zimekwisha kukaa kwenye mabenchi, magoti kwa magoti na binti zao. Msimamizi kwa kawaida husimama. Hutembea nyuma ya mabenchi, kengele ya mkono mfukoni, masikio wazi. Mama alinishika kiwiko, akaniambia kwa sauti ya chini nirudi nyumbani, tutazungumza usiku.

"Nyumbani hupatikani, mama," nikasema. "Hawa hapa wana saa yao. Nami nataka yangu."

Mama akaniachia kiwiko. Kisha akavuta benchi, akaketi.

Nikafungua hotipoti, nikaifunika tena. Akaniuliza habari za shule kama mgeni anayeuliza. Hapo msichana mmoja akatujia na jagi la maji na vikombe. Wasiotembelewa ndio waliopewa kazi ya kuwagawia maji wageni. Alikuwa mwembamba kuliko nilivyomwazia, shingo yake nyembamba kama ya kuku wa kienyeji, na mkononi alikuwa na kovu la moto. Kumbe uji ule ulimpata na yeye.

"Wewe ni Najat," akasema. Hakuuliza.

Mama, bila hata ya kugeuka, alinyoosha mkono akamweka sawa kola ya gauni. Mkono ule ulikwenda wenyewe, kama mkono unavyokwenda mdomoni katika giza. Mkono hauhitaji kufikiri penye mazoea.

Nikasema, mbele ya Imakulata, mbele ya yeyote aliyekuwa na masikio:

"Nimevunja ungo."

Imakulata akaweka kikombe polepole, akarudi nyuma, akaondoka na jagi lake bila ya kumimina.

"Lini?" mama akauliza.

"Kabla ya Ramadhani."

"Nani alikufunda?"

"Bi Asmahani."

Akaangalia mikono yake. Akaigeuza, akaangalia viganja, kana kwamba ni vya mtu mwingine na yeye amepewa kushika tu.

"Hawa hawana mtu, Najat," hatimaye akasema. "Wewe nilidhani unaye."

"Ninaye nani?"

"Mimi," akasema, kwa sauti ya mtu anayelisikia neno lile kwa mara ya kwanza.

Kisha akafungua hotipoti, akala. Hakunawa hata mikono, mama yangu ambaye alituhubiria sote usafi. Alikula wali ule wa chumvi nyingi, tonge kwa tonge, na kati ya matonge akaniuliza yote: kama niliumwa, kama niliogopa, Bi Asmahani aliniambia nini, nilikunja kanga ipi. Nilimjibu. Nilijibu nikiwa bado na hasira, kisha nikajibu nikilia, kisha nikajibu tu.

Saa ya wageni ikaisha. Niliijua imeisha kwa sababu watu walianza kufunga vitambaa na kuwapangusa binti zao nyuso. Kengele ya kuifunga saa ile ilikuwa kwa mama. Nilimwona akitia mkono mfukoni, nikajua ananifukuza. Lakini mkono ule haukutoka. Aliushika ulimi wa kengele ndani ya ngumi, ndani ya mfuko, akaendelea kunisikiliza. Watu wakasubiri. Mzee wa mkate wa ufuta alitazama huku na huku, akaketi tena. Vitambaa vikafunguliwa. Mkuu wa kituo, Bi Kristina, akatokea kwenye mlango wa ofisi, akasimama, mikono kiunoni, na mama akampa mgongo.

Alionywa kwa hilo. Alirudi nyumbani siku ile akaniambia ameonywa, akacheka kidogo, na tukala.

Nisiseme mambo yaligeuka. Aliomba abadilishiwe zamu ya Ijumaa, na Ijumaa zikawa zetu. Siku nyingine zilibaki zao. Imakulata alipoachiwa, mama alimleta kwetu akae wiki moja mpaka mjomba wake aje kumchukua. Alilala kitandani kwangu, nami nikalala nimeelekea ukuta. Alfajiri alikunja shuka kwa pembe kali, kisha akasimama nyuma ya mlango wa chumba, akingoja. Nilimtazama muda mrefu kabla ya kuelewa anangoja nini.

"Uko wazi," nikamwambia. "Toka tu."

Akausukuma kwa kidole kimoja, akaenda kufagia ua.

Siku hizi ana cherehani zake Maramba na wasichana wawili anaowafundisha. Kila Jumapili baada ya misa humpigia mama simu, nao huzungumza mpaka simu inapata joto. Mimi nikiwapo hupeleka chai, nikaweka kikombe, nikaondoka. Ule mwiba bado upo. Umekuwa mdogo kama wa dagaa, lakini ukimeza vibaya unaujua.

Mwaka jana niliolewa. Imakulata alifika siku tatu kabla, na msalaba wake shingoni na mfuko wa nguo alizonishonea, akafunga kibwebwe, akashika masufuria ya pilau. Nyumba nzima ilikuwa ni jina lake. Mama alimwita jikoni, akamwita uani, akamwita aje aamue mahali pa kuweka majamvi. Mimi nilikuwa nimeketi ndani, mikono na miguu imejaa hina, siruhusiwi kugusa kitu.

Wakaingia wanawake wa upande wa bwana arusi kunitazama. Shangazi yao mkubwa, Bi Mwamvua, alikaa karibu nami, akasikiliza jinsi mama anavyoita, kisha akaninong'oneza, akionyesha kwa kidevu.

"Yule mwenye msalaba ndiye mkubwa wenu?"

Imakulata alikuwa mlangoni, sinia la haluwa mikononi. Alisikia. Akasimama pale pale, bila ya kuingia wala kutoka.

"Hapana," nikasema. "Mkubwa ni mimi. Yule ni mdogo wangu."

Bi Mwamvua akamgeukia, akamkagua toka utosini hadi nyayo, mwanamke aliyenizidi miaka miwili na mwili mara mbili. Imakulata akaingia, akapiga goti, akaweka sinia mbele yake.

"Shikamoo, shangazi," akasema. "Ndiyo. Mimi ni wa pili."