Shemasi na Wakili

Hadi ule mwaka wa njaa, themanini na nne, Mwangangi hakuwahi kumtazama kuku zaidi ya dakika moja. Kuku ni mali ya mwanamke. Yeye alikuwa na mbuzi, ng'ombe wawili wa kulima, na shamba nje kidogo ya Kwa Vonza. Lakini ng'ombe walikufa mwezi wa sita, mbuzi wakaenda kwa bei ya kutupa, na shamba likakauka hata jembe likawa linaruka likigonga. Ilifika mahali mtu anashika noti mkononi na dukani hakuna unga. Basi mzee wa miaka sitini na mbili akajikuta ameketi kwenye kigoda mchana kutwa, anaangalia uwanja wake.

Uwanjani walibaki mitetea wanne na majogoo wawili wa mkewe, Kalunde.

"Kwa nini umeacha majogoo wawili?" alimuuliza siku moja. "Si mmoja angetosha?"

Kalunde alikuwa anapepeta mahindi ya njano, yale ya msaada ambayo watu walipangia foleni kwa chifu. "Yule mwekundu ni Shemasi," alisema. "Yule wa madoadoa ni Wakili. Watazame, baba Mumbua, halafu utaniambia mwenyewe tumchinje nani."

Hakuwa na kazi nyingine, akawatazama.

Shemasi alikuwa anaparura chini ya gogo mpaka apate mchwa. Akimpata hamli. Anamwokota, anamwangusha, anamwokota tena, huku anaita kwa sauti ya chini, ku-ku-ku, mpaka mitetea waje mbio. Kisha anasogea kando na kusimama kama mtu anayegawa sadaka. Mwewe akipita juu, Shemasi alitoa mlio mmoja mwembamba, mrefu, na wote wakajificha chini ya ghala. Nguchiro akitokea kichakani, mlio ulikuwa mwingine kabisa, wa makelele, na mitetea hawakujificha, walisimama wima kutafuta adui yuko upande gani. Mwangangi alingoja wiki nzima aone kama atakosea. Hakukosea hata mara moja.

Wakili naye alikuwa na sauti tamu kuliko ya mwenzake. Aliparura, akaita, mitetea wakaja, na chini hapakuwa na kitu. Alitaka tu kuwapanda. Siku moja akapata panzi wa kweli, mnene. Akaita, akaita, na hakuna mtetea aliyeinua kichwa.

Mwangangi alicheka mpaka akakohoa.

"Maneno mengi, mkono mtupu," Kalunde alisema kutoka mlangoni, na yeye pia akacheka. Ilikuwa muda mrefu hawajacheka pamoja.

Jioni alimletea muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, bila maharagwe, sahani moja.

"Na wewe?"

"Nimekula jikoni."

Miaka thelathini na tatu ya ndoa alikuwa amelisikia jibu hilo, na hata siku moja halikumshtua. Wanawake hula jikoni.

Mwezi wa kumi, jioni moja, Shemasi alijaribu kuruka kwenye tawi alilokuwa akilala, akaanguka. Akajaribu tena, akaanguka tena. Mwangangi akaenda kumwokota. Manyoya yalikuwa yamemficha. Mkononi alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu, na mfupa wa kidari ulimchoma kiganja. Akamshika Wakili kulinganisha. Wakili alikuwa mzito, jogoo mzima.

Akampeleka Shemasi jikoni.

"Jogoo wako anakufa njaa," alisema. "Kila anachopata anawapa wenzake."

"Najua," Kalunde alisema.

Alinyoosha mikono kumpokea, na leso ikamteleza begani. Mwangangi akaona mifupa ya shingo ya mkewe, na shimo nyuma ya mifupa hiyo ambamo maji ya mvua yangetuama. Akainama akafunua sufuria. Ilikuwa imekwanguliwa ikabaki nyeupe.

"Umekula nini leo?"

"Nimekula, baba Mumbua."

"Sikuulizi kama umekula. Nauliza ni nini."

Kalunde alimpapasa jogoo mgongoni muda mrefu. "Wewe ndiwe wa kututafutia," alisema mwishowe. "Ukianguka wewe, tumekwisha."

Mwangangi hakuweza kumtazama. Tangu mwezi wa sita hakuwa ametafuta kitu. Alikuwa ameketi kwenye kigoda.

Kesho yake alimchinja Wakili kwa mkono wake, akapika supu mwenyewe, akakaa hapo mpaka Kalunde akanywa. Supu haikukaa tumboni. Tangu siku hiyo walikula sahani moja, yeye akihesabu matonge ili mkewe apate zaidi, lakini miguu ya Kalunde ilikuwa imeanza kuvimba. Lori lililoleta chakula cha msaada likawabeba mpaka hospitali ya Kitui. Daktari alisema amechelewa kuletwa. Alilala huko siku tisa, na siku ya kumi hakuamka.

Mvua ilinyesha kabla ya maziko. Ardhi ile iliyokataa jembe mwaka mzima ikawa laini kama uji, na vijana waliochimba kaburi walikuwa wanachota maji kwa ndoo. Wanawake wa kanisa walipouliza kama wamchinje yule jogoo mwekundu kwa ajili ya mchungaji, Mwangangi alisema hapana, na mchungaji akapikiwa maharagwe.

Binti yao, Mumbua, aliyeolewa mjini Wote, alibaki wiki moja kumwangalia baba yake. Jioni ya mwisho alimwandalia ugali akageuka kuondoka.

"Kaa hapa ule na mimi," Mwangangi alisema.

Mumbua akakaa. Baba yake akamweleza yote, hata habari ya sufuria. "Alikuwa analala njaa," alisema, "na mimi nakula."

"Ndivyo alivyofanya hata ile njaa ya sitini na moja, wakati chakula kilipoangushwa kutoka kwenye ndege za msaada," Mumbua alisema. "Nilikuwa mdogo. Nilikuwa nachungulia jikoni, namwona analamba mwiko."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua, baba."

Mwangangi alirudisha tonge kwenye sahani. Kisha akauliza, "Na wewe kule Wote, ulikuwa unakula?"

Mumbua aliangalia mikono yake. "Watoto wangu bado ni wadogo, baba," alisema.

Asubuhi Mwangangi aliwafunga mitetea watatu miguu, akajaza gunia nusu ya mahindi yaliyobaki, akambebea mzigo mpaka barabarani. Alimsaidia kupakia, akasimama pale mpaka gari likapotea kwenye kona, kisha akarudi nyumbani kutafuta jembe.