Mluzi wa Pili

Ibrae Gollo hakuwahi kubisha geti la mtu. Mzee mzima, ndevu zimetiwa hina, mfanyabiashara wa ng'ombe anayejulikana mnadani kote, lakini akifika kwa rafiki yake Ekitela atasimama nje kama mtoto wa malishoni na kupiga mluzi. Mmoja mfupi, wa pili mfupi, wa tatu mrefu unaoshuka halafu unainuka kidogo mwishoni, kama mtu anayeuliza swali. Kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri, majirani wa mtaa wa Bulapesa, hapo Isiolo, wakiusikia waliambiana: haya, Mborana ameshafika kwa Mturkana, sasa tutapigiwa muziki.

"Ingia tu, mzee! Hilo geti halina meno!" Ekitela angemwitikia kutoka barazani.

"Salaam aleikum. Geti halina meno, lakini mwenyewe je?"

Basi wangecheka, chai ya maziwa ingemiminwa, na Ekitela angeondoa leso iliyofunika mashine yake ya santuri.

Hiyo mashine msiichezee. Ekitela Lowoi alikuwa dereva wa misheni miaka mingi, na padri mmoja mzee aliporudi kwao aligawa vitu vyake. Wenzake walichukua godoro na viti, yeye akabeba sanduku la mbao lenye sahani ya kuzunguka, pamoja na kreti zima la santuri. Walimcheka sana. Lakini magodoro yale yamekwisha oza, na mashine bado inaimba. Vumbi la Isiolo huingia hata machoni mwa aliyelala, kwa hiyo Ekitela alifuta kila santuri kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, taratibu, kama anayemwosha mtoto uso. Halafu aliushusha mkono wa mashine. Kabla wimbo haujaanza, sindano hukwaruza kidogo, chrrr, na hapo ndipo wazee wawili walikuwa wakinyamaza kabisa. Ekitela aliupenda mkwaruzo ule kuliko hata nyimbo zenyewe.

"Simu ya kijana wangu Sora ina nyimbo elfu," Ibrae alizoea kusema, "lakini hakuna hata mmoja unaokungoja uvute pumzi."

Siku moja, katikati ya rumba, Ibrae alimweleza mluzi ule ulikotoka. Ulikuwa wa baba yake. Kila mchungaji ana wake, na baba yake aliutumia kumwita fahali mmoja wa kijivu, ambaye pembe yake ya kushoto ilikuwa imeinama hadi karibu na jicho. Fahali huyo akiusikia alitoka katikati ya kundi akaja kama mbwa. Kisha alfajiri moja, huko Korbesa, wavamizi walikuja. Ibrae alikuwa mtoto, akafunikwa ngozi na kuambiwa asitikisike. Alimsikia baba yake akipiga mluzi kumwita fahali. Akasikia bunduki. Halafu, baada ya bunduki, akausikia mluzi tena, kwa mbali, ukielekea upande wa machweo.

"Nikasema baba yuko hai, ananiita nitoke. Nikaogopa, sikutoka," Ibrae alisema. "Jioni tukampata palepale alipoangukia. Sasa niambie, Ekitela, huo mluzi wa pili ni nani aliupiga?"

Ekitela alimwongezea chai.

"Siku nitakayomjua," Ibrae aliendelea, na sauti yake haikupanda hata kidogo, "mimi na wanangu tutafanya linalofanywa." Akaomba wimbo mwingine.

Mama yake Ekitela alipofariki, na matanga yakaisha, dada yake Nakolong alikuja kutoka Leparua na kitu kilichoviringishwa kwenye shuka kuukuu. Ilikuwa santuri nyeusi, nzito, karatasi ya katikati imefifia.

"Ni sauti ya baba," Nakolong alisema. "Kulikuwa na mzungu aliyekuwa akizunguka na mashine kunasa nyimbo za watu. Baadaye alimletea hii. Mama aliificha miaka yote. Amesema nikupe, lakini uisikilize peke yako. Usimwalike mtu."

"Mama na mambo yake!"

"Mimi nimekuambia vile nimeambiwa."

Baba yao, Lowoi, aliugua akafa kabla Ekitela hajaanza hata kutembea. Hakuwa na picha yake, hakuijua sauti yake. Sasa mwambie mtu wa namna hiyo anyamaze! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na Ekitela siku hiyohiyo alimpigia Ibrae simu, sauti inamtetemeka kwa furaha. "Jumamosi, mzee, Jumamosi utamsikia baba yangu akiimba."

"Una bahati, ndugu yangu," Ibrae alimjibu. "Mimi wangu sina hata picha. Nina mluzi tu."

Jumamosi ilikuwa mbali. Alhamisi mchana uvumilivu ulimwishia. Ekitela aliifuta santuri, akaiweka, akashusha sindano. Iliyotoka haikuwa sauti ya mtu. Ilikuwa ngurumo nzito ya polepole, kama kitu kinachougulia ndani ya kisima. Kumbe mwendo wa mashine ulikuwa wa chini mno. Akageuza kitufe, sahani ikakaza mbio, na ngurumo ikawa mwanamume kijana anayeimba Kiturkana kwa majivuno.

Ekitela alilia. Alikaa chini sakafuni karibu na spika akalia kwa kwikwi, mzee wa wajukuu, kwa sababu neno la kwanza alilolielewa lilikuwa jina lake mwenyewe.

Ulikuwa wimbo wa fahali, ule ambao mwanamume huuimba ameinua mikono mfano wa pembe. Mwanangu Ekitela amezaliwa, baba aliimba, nimchinjie nini? Nimemleta wa kijivu kutoka Korbesa, pembe yake ya kushoto inachungulia jicho. Mwenyewe alimwita, nami nikasikiliza. Mwenyewe akanyamaza, nami nikamwita. Akanifuata wa kijivu, akanifuata bila kamba.

Halafu baba yake akapiga mluzi. Mmoja mfupi, wa pili mfupi, wa tatu mrefu unaoshuka na kuinuka mwishoni.

Ekitela aligeuka akatazama geti, kwa mazoea tu. Hapakuwa na mtu. Mbuzi wake wawili waliokuwa kivulini walikuwa wameinua vichwa, nao wakitazama getini.

Aliogopa. Tusimpambe, aliogopa mpaka mikono ikapoa katika joto lile la Isiolo. Aliitoa santuri akaenda nayo mlangoni kwenye jiwe la kunolea kisu, akainua mkono aivunje. Hakuweza. Humo ndimo baba yake alimokuwa hai, humo ndimo jina lake lilimoitwa na mtu aliyefurahi kwamba amezaliwa. Akarudi ndani, akachukua koleo, akaibana sindano ya mashine mpaka ikakatika. Jamani! Kati ya vyote vya kuvunja, mtu huyu alivunja kile kinachoweza kununuliwa kingine.

Jumamosi mluzi ulilia getini.

"Sindano imevunjika, mzee," alisema hata kabla ya salamu. "Nilikuwa naijaribu, ikavunjika yenyewe."

Ibrae alisikitika kweli, kama aliyefiwa. Aliinama akaitazama mashine, akapiga ulimi. "Na ulikuwa hujamsikia?"

"Bado."

"Maskini. Hebu nipe hiyo iliyovunjika. Sora yuko Nairobi wiki hii, atakutafutia mfano wake."

"Ah, usijisumbue, mzee."

"Kujisumbua gani? Baba wa mtu anangoja humo ndani!"

Ungemkatalia vipi? Ekitela alimpa, na wiki nzima hakulala vizuri. Kila mtu akipiga mluzi barabarani, hata kondakta, aliacha anachokifanya. Alimwomba Mungu sindano hiyo isipatikane Nairobi nzima. Mara mbili aliitoa santuri kwenye shuka kuivunja, na mara mbili akairudisha.

Jumamosi iliyofuata Ibrae alikuja amebeba kijisanduku kidogo cha plastiki. Alikaa, akapokea chai, akaiweka chini bila kuionja.

"Sora ameipata," alisema. "Lakini fundi wa huko amemwambia kitu cha ajabu. Eti ile ya kwanza haikuvunjika. Imebanwa na koleo." Alimtazama Ekitela usoni, anatabasamu bado. "Nikamwambia Sora, huyo fundi ni mwongo. Ekitela huwa anaipangusa ile sindano kwa brashi ya manyoya. Aibane na koleo kwa nini?"

"Watu wa Nairobi husema mengi," Ekitela alijibu.

"Ndiyo nami nilivyosema."

Ibrae aliifunga sindano mwenyewe, alikuwa ameshajifunza kwa kutazama. Santuri ilikuwa pale juu ya kreti, ndani ya shuka lake, na Ekitela alimwona akiitoa, akiifuta kwa kitambaa kwa mzunguko uleule wa taratibu. Angeweza kusema neno hapo. Alifungua kinywa kabisa. Lakini neno gani? Miaka yote ya Jumamosi ilikuwa imekaa pale barazani, na yeye hakujua pa kuanzia kuibomoa.

Sindano ikakwaruza. Wote wawili wakanyamaza kama kawaida yao.

Ibrae alikijua Kiturkana cha mnadani, kile cha kununulia na kuuzia, nacho kinatosha sana katika wimbo wa ng'ombe. Aliposikia jina la Ekitela alicheka na kumpiga begani. Aliposikia Korbesa mkono ukabaki palepale begani. Kijivu. Pembe ya kushoto. Mkono ukaondoka. Na mluzi ulipolia kutoka kwenye spika, Ibrae alisimama wima kama mtoto aliyeitwa.

Wimbo ukaisha. Aliinua mkono wa mashine, akaurudisha nyuma kwa uangalifu, bila kuikwaruza santuri hata kidogo, akasikiliza mluzi tena. Kisha akazima.

"Kwa hivyo hakuwa baba," alisema polepole. "Maisha yangu yote nimedhani alikuwa ananiita mimi, na mimi nikakataa kutoka."

"Mzee Ibrae..."

"Sindano uliibana wewe?"

Ekitela aliinamisha kichwa. "Mimi."

"Ulikuwa umeshasikia."

"Nilikuwa nimesikia. Niliogopa kukupoteza, mzee. Haki ya Mungu, niliogopa hilo tu."

Ibrae alivaa kofia yake, akaokota fimbo. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Ile damu si yako," alisema. "Ulikuwa mtoto mchanga, mtu hachagui baba. Lakini sindano ni yako. Ulikaa hapo ukaninywesha chai, ukaniacha nikuhurumie." Akasimama mlangoni. "Ungeniambia wewe, kwa kinywa chako, ningelia hapa na wewe, halafu jambo hili ningelifukia hapahapa. Sasa Sora ananingoja nyumbani. Ndiye aliyeileta sindano, ataniuliza tumesikia nini. Nimemlea na hadithi ya mluzi wa pili tangu ananyonya. Mimi nitamdanganya vipi? Mimi sijui kukata sindano."

"Mzee, keti kwanza. Tuongee."

"Mimi sitarudi hapa, Ekitela. Kwa hivyo ukiusikia mluzi wangu hapo getini, usifungue. Sitakuwa mimi."

Akatoka. Chai yake ilibaki pale chini mpaka ikafanya utando.

Nakolong alipiga simu kila siku kumwambia aje Leparua akae kwake kidogo. Ekitela alikataa. Alisema hawezi kukimbia nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, lakini hilo lilikuwa la kumwambia dada tu. Ukweli ni kwamba alikuwa akisema moyoni: je, mzee akibadilisha nia? Ibrae ana hasira za moto wa nyasi, huwaka na kuzimika. Akija kunisamehe akute geti limefungwa na mimi nimehama, si ndiyo nitakuwa nimemvunja moyo mara ya pili? Akanunua komeo jipya la chuma, na kila jioni alilijaribu.

Jumamosi ikafika. Muadhini aliadhini alasiri, watu wakasali, watu wakatoka. Ekitela alikaa barazani na mashine ikiwa imefunikwa leso. Alikuwa ameandaa vikombe viwili, mwenyewe hajui kwa nini.

Mluzi ukalia getini.

Mmoja mfupi, wa pili mfupi, wa tatu mrefu unaoshuka na kuinuka mwishoni. Ekitela aliacha hata kupumua ili asikilize vizuri. Ilikuwa pumzi ya mzee mwenye kikohozi, au ya kijana? Hakuweza kujua. Ulikuwa sawasawa, kama ulivyokuwa sawasawa kwenye santuri, kama ulivyokuwa sawasawa kule Korbesa hata fahali mwenyewe asiweze kutofautisha.

"Ni wewe, mzee?" aliita.

Nje kukawa kimya. Hakuna salamu, hakuna utani wa geti na meno. Kisha mluzi ukaja tena, kwa upole, ukimalizia na lile swali lake.

Mbuzi wawili waliinuka kivulini wakaanza kuelekea getini. Ekitela naye akainuka. Alijua alichoambiwa, alikikumbuka neno kwa neno, na miguu yake ilikuwa inakwenda. Alipita kati ya mbuzi wake akawatangulia, akashika lile komeo jipya, akalivuta.