Kioo Chini ya Ua

Bi Mkazo, jina alilobandikwa na wafumaji wenzake watatu kwa jinsi alivyoshindilia nyuzi, alimpokea mbunifu wa mavazi kwa jicho la pembeni. Bwana huyo alikuwa ameahidi kununua kitambaa cha makoti arobaini, kazi ambayo ingewaweka wanawake wanne kwenye vitanda vyao vya kufumia mwaka mzima.

"Shikamoo, Mama. Kitambaa hiki kimenyooka mno," alisema akikipapasa. "Wateja wangu wanataka kazi ya mikono. Nitaaminije kwamba hamna mashine mahali fulani?"

"Marahaba. Mashine ningeificha wapi, bwana? Ndani ya kilemba?"

"Basi nikuone ukifuma."

Hapo ndipo machale yalipomcheza Bi Mkazo. Mwaka uliopita mgeni mwingine alikuja kutazama vivyo hivyo, na haikupita miezi mitatu kabla ua alilorithi kwa mama yake, ambalo huchukua siku tisa kulifuma, halijapigwa chapa kiwandani na kuning'inizwa sokoni likiwa kwenye mataulo. Alimvuta mkamwana wake kando.

"Huyu ana lake jambo."

"Mama nawe! Kwako kila mtu mwizi. Hata daktari wa macho ulimuuliza kwa nini anakutazama."

"Na hakunijibu."

Alikubali shingo upande, akaketi. Kitambaa cha makoti kilikuwa na ua jingine, nalo hufumwa kifudifudi: uso wake hutazama sakafu, na juu huonekana vishungi vya nyuzi tu. Kwa hiyo mfumaji huweka kioo sakafuni, chini ya kitambaa, apate kuchungulia ua linavyokua. Mbunifu alivuta kigoda, akafungua daftari.

Bi Mkazo alifuma huku akimwibia jicho. Mtu aliyekuja kuhakikisha kazi ya mikono, aliwaza, angeitazama mikono. Huyu hakuitazama hata mara moja. Macho yake yalikuwa kwenye kioo, na kalamu yake haikutulia.

Akainama, akakigeuza kioo kikatazama sakafu.

"Mama, mbona umekigeuza?"

"Ua hili nalijua bila kuliona. Wewe tazama mikono."

Akapitisha uzi, akashindilia, akapitisha mwingine. Kalamu ilisimama. Kabla mstari wa tatu haujakwisha, mbunifu alitazama saa yake.

"Inatosha. Nimeridhika."

"Kwa mistari mitatu? Haya, uzi niliopitisha sasa hivi ni wa rangi gani?"

Mbunifu alijibu upesi, "Manjano."

Mkamwana, aliyekuwa amesimama nyuma yake, aliutazama uzi wa buluu uliokuwa bado mkononi mwa mama mkwe wake. Akanyoosha mkono.

"Bwana, naomba hilo daftari."

"Daftari ni langu." Alilitia ndani ya koti, akainuka. "Na bila kuliona ua lote, hakuna makoti."

"Basi hayatakuwapo," alisema Bi Mkazo.

Mlango ulifungwa. Kutoka chumba cha pili zilisikika sauti za wenzao watatu wakishindilia, nao hawakujua lolote.

"Ameondoka na nusu ya ua," alisema mkamwana.

"Na kazi yetu yote."

Bi Mkazo aliinuka taratibu ili aende kuwaambia. Mkamwana alimtangulia mlangoni.

"Niache niwaeleze mimi, Mama. Mimi ndiye niliyemleta."