Soli za Sebuleni

Mwaka uliotangulia, siku shule ilipowaita wazazi kucheza dansi na watoto wao uwanjani, fundi viatu alijificha chooni. Mwenyewe mpaka leo anasema tumbo lilimvuruga. Uongo mtupu. Alijifungia kwenye choo cha darasa la kwanza, ambacho mlango wake unamfikia mtu mzima kifuani, akachuchumaa humo mpaka muziki ukakaribia kuisha. Alipotoka akamkuta binti yake akicheza na mlinzi wa shule. Mlinzi alikuwa amebana rungu kwapani, anacheza kwa adabu kubwa, kama mtu aliyekabidhiwa mali ya wenyewe.

Binti huyo nyumbani aliitwa Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Siku ile hakusema neno njia nzima. Fundi ilimuuma, tena sana, na ndiyo maana mwaka huu akaahidi kwamba atacheza, liwalo na liwe.

Muuguzi wa zahanati naye aliongeza lake. Alimfunga fundi ule mpira wa kupimia presha, akatazama namba, akaguna.

"Baba, wewe unakaa mno. Tafuta zoezi unalolipenda."

"Sipendi zoezi lolote."

"Basi tafuta unalolichukia kidogo."

Ikawa dansi. Mwalimu wa michezo alituma karatasi yenye mpangilio wa hatua: kushoto, kulia, nyuma, mbele, zunguka. Fundi aliisoma mara nne asiambulie kitu, maana yeye huelewa jambo akilishika mkononi. Akachukua kisu na maboksi ya zamani, akakata soli ishirini na nne bila hata kupima, akazibandika kwenye sakafu ya sebule kuanzia mlangoni hadi mbele ya televisheni. Gundi aliyotumia ni ile ya kazini, inayoshika mpaka siku ya kiyama. Mkewe aliporudi akasimama mlangoni na mkoba wake, akakosa pa kukanyaga.

Sasa lipo kosa ambalo mtu asiye fundi viatu hawezi kulifanya hata akilipania. Kiatu kikifika kwa fundi hupakatwa kifudifudi, soli ikatazama juu. Kwa miaka ishirini huyu bwana alikuwa ameitazama miguu ya binadamu kutokea chini. Kwa hiyo soli zake za kushoto zilikuwa za kushoto kweli, ila kwa mtu aliyelala chini ya sakafu. Kwa aliyesimama juu yake zilikuwa za kulia, na za kulia zilikuwa za kushoto, zote ishirini na nne. Fundi hakuona kasoro yoyote. Alijifuta gundi vidoleni akajiona amefanya la maana.

Jioni ya kwanza wakajipanga, Chiriku, mama yake na fundi, kila mguu ukafuata soli yake. Miguu ikapishana. Wa kulia ukaenda kushoto, wa kushoto ukaruka juu ya wa kulia, na familia nzima ikavuka sebule imejisokota. Bibi, mama yake fundi, alikuwa kwenye kochi na fimbo yake.

"Mnacheza," akauliza, "au mmebanwa na haja?"

"Baba Chiriku," mkewe akasema huku ameshikilia kabati, "hivi kweli miguu ipishane namna hii?"

"Wewe fuata soli. Nani fundi wa miguu humu ndani?"

Chiriku akafungua mdomo. Akatazama sakafu, akamtazama baba yake, anavyohema na kucheka kama mtoto, akaufunga. Mama yake akadhani amechoka.

Wiki ile fundi alianguka mara tano, mara mbili mapajani kwa mama yake mzazi. Lakini ajabu ya mambo, jioni zikaanza kungojewa. Viti vilisukumwa ukutani kabla hata ya mtu kusema visukumwe. Wiki ya tatu Bibi akainuka kwenye kochi, akadai anataka tu kuwaonyesha wanapokosea, akakosea kuliko wote na hakurudi kukaa. Wiki ya tano fundi akatoboa tundu jipya kwenye mkanda wake, upande wa ndani, akamwonyesha kila mteja, akiwemo mtu aliyesimama tu kuuliza njia.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi asubuhi. Uwanja wa shule ulikuwa wa vumbi, umenyunyiziwa maji likatulia. Fundi hakuangalia nyuso za wazazi wenzake, aliangalia viatu, kama kawaida yake, na nusu alikuwa amevishona yeye. Vilivyong'aa kupita vyote vilikuwa viatu vya mlinzi, ambaye leo hakusimama getini bali kando ya mstari wa watoto. Fundi akajiuliza kuna nini hata vipakwe rangi namna ile.

Watoto wakaanza peke yao, Chiriku mstari wa mbele. Mguu wa kushoto ukaenda kushoto, wa kulia ukaenda kulia. Haikupishana hata mara moja. Fundi akafikicha macho, akainama kutazama alama zilizobaki kwenye vumbi, nyayo za watoto arobaini, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini akauona mguu wa binadamu kutokea juu.

"Mama yangu," akanong'ona.

"Nini tena?" mkewe akauliza.

"Soli. Nimezikata kinyume. Zote."

Mkewe akatazama nyayo, akamtazama mumewe, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mimi nilisema haja," Bibi akakumbusha.

Kipaza sauti kikawaita wazazi. Fundi akatupa jicho kwenye choo cha darasa la kwanza. Mlango ulikuwa wazi, wala hakuna aliyekuwa akimwangalia. Miguu yake ilishaanza kugeukia huko, tena safari hii kwa mpangilio safi kabisa. Aliona aibu. Akapiga moyo konde, akaingia uwanjani.

Chiriku akamshika mikono yote miwili. Muziki ulipoanza, mtoto yule yule aliyecheza vizuri dakika moja iliyopita akapeleka mguu wa kulia kushoto.

"Kumbe ile ya sawasawa unaijua," fundi akasema.

"Naijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku uliyobandika soli. Shuleni tulishaanza kufundishwa."

"Na mdomo wote huo, ukanyamaza?"

"Ningesema ungezibandua, baba. Halafu ungesema basi tena."

Fundi alitaka kubisha, ila lilikuwa kweli. Angezibandua, angerudi kwenye kigoda chake, na angefurahi kupata kisingizio. Wiki sita mtoto alikuwa amecheza dansi mbili, moja ya shule na moja ya kwao, bila kuzichanganya.

"Basi twende ya wenzako," akasema. "Nitajikokota hivyo hivyo."

"Sitaki. Ile nacheza na yeyote. Hii nacheza na wewe."

Wakavuka uwanja wamejisokota, wakampiga kikumbo baba mmoja mwenye suti, watu wakawacheka waziwazi. Fundi hakujali. Kilichomkera ni mlinzi, aliyekuwa akiwafuata kwa macho hatua kwa hatua.

"Huyu naye anangoja nini hapa?"

Chiriku akatazama chini. "Nilimwomba asikae mbali. Labda tumbo lako lingekuvuruga tena."

Fundi alimshika mikono kwa nguvu zaidi, akapishanisha miguu kwa hatua kubwa kuliko zote alizowahi kupiga, akazunguka naye mara mbili palipotakiwa mara moja. Jasho likamtiririka mpaka machoni, au ndivyo alivyosema baadaye.

Walipomaliza kuzunguka, Chiriku akachomoa mkono mmoja, akampungia mlinzi kwamba sasa anaweza kurudi getini.