Gudi la Tijani

Wasila na kaka yake Lamjad walikuwa na mashua moja ya tanga, na mashua hiyo ilikuwa inakunywa maji. Mimi binamu yao nalijua hilo kuliko mtu yeyote, maana kazi yangu chomboni ilikuwa kuyatoa. Lamjad akishika usukani, Wasila kamba za tanga, mimi huinama na ndoo tangu tunatoka kijijini kwetu Kraten mpaka tunarudi. Bahari yenyewe nilikuwa naisikia tu.

Mashindano ya kiangazi yalikuwa yanakaribia, yale ambayo visiwa vyetu vyote vya Kerkenna hutoka pwani kuyatazama. Mwaka uliotangulia tulimshinda mtu mmoja tu, na huyo alikuwa amevunjikiwa na foromali, ule mti unaobeba tanga. Safari hii ilikuwa lazima chombo kipwekwe, yaani kipandishwe nchi kavu, kikauke, kifunguliwe, tujue kinavujia wapi. Ugomvi ukawa kipwekwe katika gudi lipi la kutengenezea vyombo.

Lamjad alitaka twende Sfax, mjini bara. Alikuwa amevuka kwa feri kwenda kutazama gudi jipya, akarudi hana habari nyingine: winchi la magurudumu linalonyanyua chombo kizima kwa mikanda, sakafu ya zege, geti, mlinzi. Wasila alimsikiliza, kisha akamuuliza kama aliona huko mtu hata mmoja akikalafati, akisindilia pamba kati ya ubao na ubao. Lamjad akafikiri kidogo, akasema vyombo alivyoviona vyote vilikuwa vya plastiki. Lakini winchi lilikuwa zuri.

Tukaenda wote watatu. Msimamizi alitupokea vizuri, akatupa kahawa, akaeleza kwamba mashua yetu wangeipaka gundi ya plastiki nje nzima, ivuje wapi tena? Wasila akamuuliza ubao unaooza ndani ya hiyo gundi ataonaje kama umeoza. Yule bwana, mtu mkweli, akasema hataona. Wasila akamshukuru, akamaliza kahawa yake, tukaondoka.

Ndani ya feri, upepo ukitupiga usoni, Wasila akatamka jina ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Tumpelekee Tijani."

Tijani alikuwa na gudi huko Ataya, kijiji cha jirani, ufukweni, la magogo na kamba. Alikuwa pia bingwa wa mashindano, tena bingwa mwenye mdomo. Hakuna chombo alichokipita bila kukirushia neno.

Lamjad alicheka kwanza, akidhani ni utani. Alipoona si utani akasema, "Si bora tumpe na usukani kabisa? Mtu atufungue chombo, atuone tumbo, halafu ashindane na sisi?"

"Tanga lake kamshonea nani?" Wasila akauliza.

"Wewe."

"Nililishona vibaya?"

Wasila ndiye mshonaji wa matanga wa kwetu, na tanga la Tijani lilikuwa kazi yake bora. Sote tulikuwa tumeliona mwaka uliopita, likituacha.

"Hapana," Lamjad akasema. "Lakini hiyo ni kwa sababu wewe ni mjinga. Wajinga wawili katika kisiwa kimoja utawapata wapi?"

Hata hivyo tulikwenda Ataya. Wasila hakumwendea Tijani kwanza. Alizunguka gudini, chombo hadi chombo, akiingiza sindano yake ya matanga kwenye maungio ya mbao, akinusa pamba, akigonga kwa kifundo cha kidole. Akamkuta mvuvi aliyekuwa anajiandaa kushua chombo chake majini, akamuuliza kama alishawahi kurudishwa hapa kwa kazi mbovu. Mvuvi akasema hurudishwa na makelele ya Tijani tu, ameyazoea.

Tijani mwenyewe akatokea, mtu mkubwa, shahamu ya kondoo mpaka kwenye viwiko. "Mmekuja kununua mashua yangu? Siiuzi."

"Nimekuletea mgonjwa," Wasila akasema.

"Anavuja?"

"Kama kikapu."

"Nilijua. Nilipowapita mwaka jana, huyu hapa," akaninyooshea kidole, "sikumwona sura. Niliona ndoo inapanda na kushuka peke yake."

Wasila alimwachia acheke hadi akamaliza, kisha akatoa sharti lake: kila ubao utakaofunguliwa, ufunguliwe mbele yake, naye afanye kazi bega kwa bega. Tijani akakubali, naye akatoa lake: anayefanya kazi kwake hula kwake, hakuna kuleta chakula kwa kikapu kama wagonjwa.

Tukangoja bamvua, siku za maji makuu. Maji yalipojaa, tukaileta mashua mpaka mdomoni mwa gudi, omo, yaani sehemu ya mbele, ikielekea nchi kavu. Magogo yalikuwa yamepakwa shahamu hadi yanang'aa. Kamba ikapita kwenye roda, lile gurudumu la kuvutia, na Ataya nzima ikashika kamba: wavuvi, wauza mikate, mwalimu wa shule na suruali yake ya kazi. Tijani akawa anaimbisha, watu wanaitikia na kuvuta. Mashua ikasita, ikalia, kisha ikapanda, shubiri kwa shubiri, huku maji yakiichuruzika. Sikuwahi kuiona nzima. Ilikuwa na tumbo zuri, la mviringo, kama kitu kilicholelewa, na mimi miaka yote hiyo nilikuwa naitukana.

Ilipotulia, maji yaliyokuwa ndani yakaanza kutoka nje, na kwa kutoka kwake yakatuonyesha njia. Mbao mbili kando ya mkuku, uti wa mgongo wa chombo, zilikuwa zimeliwa na wadudu wa baharini. Wasila alibonyeza moja, kidole gumba kikazama chote.

Kazi ikaanza. Mbao mpya zikakatwa, zikapindwa kwa mvuke, zikapigiliwa. Wasila na Tijani walikuwa wakikalafati kila mmoja upande wake na kubishana nani nyundo yake ina sauti safi. Lamjad alikaa kwenye gogo akimchunga Tijani kama mtu anayechunga paka karibu na samaki.

Siku moja Tijani aliingia ndani ya chombo kupima kitako cha mlingoti, akasahau kumtania mtu. Kwa Tijani, hilo lilikuwa jambo la kutisha. Akapima tena. Akamtazama Wasila, akamtazama Lamjad.

"Mlingoti wenu umekaa nyuma," akasema hatimaye. "Aliyekuwa na mashua hii kabla yenu aliusogeza, nadhani apate nafasi ya nyavu. Ndiyo maana mkibisha, mkienda dhidi ya upepo, inawavuta pembeni. Ikirudishwa mahali pake, itakwenda."

Lamjad akasimama. "Na kwa nini unatuambia?"

Tijani akajipangusa mikono. "Nimechoka kushindana na ndoo."

Siku ya mashindano upepo ulikuwa wa kaskazini, safi. Tulipotoka nilishika ndoo kwa mazoea, nikainua ubao wa sakafu: pakavu. Wasila akaniambia nikae upande wa juu nitie uzito. Basi nikakaa, na kwa mara ya kwanza nikaona tunakokwenda. Mashua ilikuwa imeinamisha bega moja na inakimbia, mlingoti ukivuma. Tukawapita watu niliokuwa nawajua kwa visogo vyao tu.

Mbele akabaki Tijani. Tulibisha naye upande kwa upande, karibu kiasi cha kusikia matusi yake neno kwa neno, na Wasila akimrudishia moja baada ya jingine bila kuondoa macho kwenye tanga. Kwenye chelezo cha mwisho, boya la kugeukia, Lamjad akageuza mapema, pembamba mno, nikafumba macho. Nilipofumbua, mbele yetu palikuwa na maji matupu na watu wanaoruka ufukweni.

Tijani alipofika alikuja moja kwa moja kwetu. Uso ulikuwa umemwiva. Akapanda chomboni mwetu, akainua ubao, akapitisha kiganja chote kandokando ya mkuku, kisha akakiinua juu ufukwe mzima uone: kikavu. Hapo ndipo alipocheka, akamkumbatia Wasila hadi miguu ikamtoka chini.

Tulikula kwake, kuskusi ya pweza, yenye pilipili ya kumtoa mtu machozi. Mwisho wa meza Lamjad alikuwa anawasimulia wageni jinsi alivyofikiri sana, akapima huku na huku, mpaka akaamua chombo kije Ataya. Wasila alimsikia. Akajiongezea pweza.